Mgongo Hajazikwa

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Wamemuua Mgongo! Wamemuua, na hakuna aliyemzika! Salamu nitaandika baadaye, daftari nivumilie. Nimesoma toleo la sita la katuni nikiwa nimesimama pale pale kwenye duka la fotokopi, karatasi zikiwa bado na joto la mashine. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikageuza nyuma, nikidhani kuna karatasi imebaki kwenye mashine. Hakuna. Mgongo ameanguka msituni, upande wa Congo, na yule mzee ambaye Mgongo alikuwa amembeba yuko hai kando yake. Dada Chumvi amevusha watu wengine wote mto Lhubiriha wa mpakani, amefika Bwera, upande wetu wa Uganda, ameketi. Picha ya mwisho ni shati la Mgongo limening'inia kwenye tawi. Basi. Wameandika MWISHO kwa herufi kubwa, kama watu waliofanya kazi nzuri.

Sasa salamu. Mimi ni Yayeri, nauza unga wa muhogo soko la Mpondwe, nimesoma mpaka darasa la saba na cheti ninacho. Binti yangu Biira ndiye anayechora Dada Chumvi. Ndiye huyo huyo, kwa mkono wake. Chumvi ni mwanamke wa Katwe, akigusa kitu kinakauka: risasi inakauka, mto unakauka, ulimi wa mwongo unakauka. Anasomwa kuanzia Kasese mjini mpaka Kasindi ng'ambo, maana Biira aliandika kwa Kiswahili cha soko ili pande zote mbili za mpaka zicheke pamoja. Mtoto wangu wa kwanza ni Masika, ameolewa vizuri, lakini tangu katuni ianze hakuna anayeniita Mama Masika tena. Ni Mama Biira, Mama Biira, hata afande wa mpakani ananiita hivyo akipekua magunia yangu.

Mgongo ni wa Xavier, kijana mkimbizi kutoka upande wa Beni, kule Congo, anayepaka maandishi kwenye kuta za saluni hapa mjini. Huyo Mgongo haruki wala hapigi ngumi. Anabeba. Vita ikija anainama, watu wanapanda, anakwenda. Mwezi wa nne hao vijana wawili wakakubaliana kuunganisha mashujaa wao katika kitabu kimoja, matoleo sita. Nilisema tangu siku hiyo kwamba Chumvi alikuwa anatosha peke yake. Nani alinisikiliza?

Jumatano, tarehe 15

Mvua tangu asubuhi. Gunia moja limelowa chini. Biira hakula.

Ijumaa, tarehe 17

Leo nimetukanwa na watu ninaowapimia unga miaka kumi.

Alianza Evas. Evas anauza samaki wakavu meza ya jirani, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana, kwa hiyo mdomo wake una cheo.

"Mama Biira, mtoto yako iko na roho gani?"

"Nzuri kuliko yako. Umeamkaje?"

"Sikuamka, sikulala! Chumvi anafika nyumbani anakaa. Anakaa, Mama Biira! Mtu amelala porini, yeye anakaa na kikombe ya chai!"

"Si chai, ni maji."

"Maji ya kutoa moshi?"

Nikafungua ukurasa nitazame. Kweli, kikombe kinatoa moshi. Biira naye, kikombe cha nini wakati kama ule!

Akaja Wahab, yule wa chaji za simu, mwenye grupu la mashabiki kwenye simu. Alikuwa na matoleo yote sita kwapani, yamefungwa kwa mpira, kama wakili. "Toleo ya pili, alibeba lori ya nanasi na dereva ndani. Sawa? Toleo ya nne, alibeba kanisa na kwaya ikiimba, hawakukosa hata noti ya wimbo. Sasa ananiambia amekufa juu ya mzee mmoja mwembamba? Hiyo si kifo. Hiyo ni dharau."

Watu wakapiga makofi. Halafu Marie-Louise, anayevuka na vitenge kutoka ng'ambo, akaweka mzigo wake chini polepole. Huyo hapigi kelele, ndiyo maana wote wakamgeukia. "Siye ku Congo tunakufa kila siku. Hata mu katuni munatuua? Shujaa yenu iko muzima, anakunywa chai. Yetu njo analala mu pori. Mbona hamukugawa vizuri?"

Hapo ndipo nilipowaka. Sikujua nimepata wapi maneno, ila yalitoka yakiwa yameiva. "Msimguse mtoto wangu! Biira angezika. Biira nimemlea mimi, anajua matanga ni nini. Mwisho ule ni wa Xavier! Ni huyo mkimbizi aliyeharibu!"

Kisha Evas akasema, "Aaaa," ile ya mtu aliyepata sarafu kwenye kinywa cha samaki. Saa ile ile wakaanza kununua unga. Nilirudi nyumbani bila gunia hata moja.

Jumamosi, tarehe 18

Grupu la Wahab lina ujumbe mia sita kabla ya chakula cha mchana. Nimesikiliza sauti zote mpaka sikio likapata joto. Mmoja anataka Mgongo afufuke siku ya tatu. Mmoja anasema hatasoma tena katuni mpaka afe, na kwamba akifa watu wake watamzika, si kama wengine. Mwanamke mmoja hakusema neno, analia tu dakika mbili nzima.

Jumatatu, tarehe 20

Mwalimu Nobert wa shule ya pale juu amesahihisha toleo la sita kwa kalamu nyekundu, kila ukurasa, akatoa alama thelathini na nane kwa mia. Amebandika mlangoni mwa duka la fotokopi. Kwa hasira yangu nilitaka kulibandua, nikaona pembeni ameandika "michoro mizuri sana", nikaliacha.

Mashabiki wa Kinyamaseke wamechoma nakala kumi na tano barabarani na kupiga video. Mvua ikawazimia moto. Nilicheka peke yangu.

Hamukungu ndio wameniuma. Wavuvi wa kule walikuwa na mtumbwi umeandikwa MGONGO ubavuni, Xavier mwenyewe aliwaandikia, picha ilizunguka nchi nzima. Sasa wamelifuta jina. Wanasema hawawezi kuingia ziwani na jina la mtu ambaye hajazikwa, atawaita.

Jumanne, tarehe 21

Soko zuri. Hakuna aliyenitukana. Wote wanamtukana Xavier.

Wamepaka tope bango la saluni alilochora wiki iliyopita, lile la mwanamke mwenye nywele kama taji. Mwenye saluni amemwambia asirudi mpaka watu watulie. Vijana wa bodaboda wanampigia honi akipita, wanamwuliza, "Wewe, unaweza kutubeba au utatuacha?"

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu: nilifurahi. Nilisema moyoni, angalau si mwanangu.

Alhamisi, tarehe 23

Mvua. Magari ya kampeni za uchaguzi yamekwama kwenye tope, vipaza sauti vinaimba bila watu.

Ijumaa, tarehe 24

Siku mbaya. Nitaandika yote.

Asubuhi Wahab alikuwa anasambaza toleo la saba. La kwake! Amechora mwenyewe, vichwa kama viazi. Mgongo anaamka msituni, anajikung'uta, anavuka mto, anamwoa Dada Chumvi. Na Chumvi huyo, ambaye mwanangu amemchora miaka mitatu na gauni la heshima na viatu vya kazi, Wahab amemvalisha kitu kama kitambaa cha kufutia meza.

"Wahab, hii nguo, nusu nyingine iko wapi?"

"Mama, ni sherehe, wameoana."

"Wameoana bila mbuzi wa mahari? Nani alileta mbuzi? Mimi niliona mbuzi?"

"Mama Biira, ni katuni!"

"Ijumaa iliyopita haikuwa katuni, ulikuwa unanililia hapa kama mjane! Leo ni katuni?"

Nikazichana. Zote alizoshika, na zilizokuwa mezani. Watu wakacheka, wengine wakanishangilia. Nilikuwa nimeshika vipande hewani kama bendera nilipomwona Biira amesimama nyuma ya magunia. Hakuwa anacheka.

Tulitembea mpaka nyumbani, yeye mbele. Alipofunga mlango akasema, "Mama, ni kweli uliwaambia watu Xavier ndiye aliyeamua mwisho?"

"Nilikutetea."

"Nimeuliza kama ni kweli."

"Ni kweli."

"Ni mimi niliyeamua. Shati niliweka mimi. Neno MWISHO niliandika mimi. Hata chai niliweka mimi, kwa sababu mtu akifika salama hupewa chai, hata kama moyo wake umebaki nyuma." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Xavier hakujibu mtu hata mmoja, ili nisitukanwe mimi. Na wewe ndiye uliyewapa jina lake."

Nikamwambia mama hawezi kukaa kimya mwanawe akitukanwa. Akaniambia basi sasa sitakuwa na mwana wa kutetea, kwa sababu hachori tena. Akachukua kalamu zake zote, zile nilizomnunulia Kasese siku alipofaulu mtihani, akaziweka kwenye meza mbele yangu kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Nimekasirika. Nimemkasirikia Biira, Evas, Wahab, Nobert na alama zake. Nimeandika majina yote hapa na bado hasira imebaki, inatafuta mtu.

Jumapili, tarehe 26

Kanisani. Biira aliketi upande mwingine.

Jumatatu, tarehe 27

Hasemi nami.

Jumanne, tarehe 28

Hasemi nami. Evas ameuliza mbona nimekonda. Nikamwambia ni mvua.

Alhamisi, tarehe 30

Nimesikia Xavier anahama, nikaenda. Nilijiambia naenda kuona tu. Ilikuwa saa tisa mchana na mvua ilikuwa inapiga kama mtu anayedai mlango ufunguliwe.

Chumba chake kiko nyuma ya saluni. Nilimkuta amefunga mfuko mmoja, brashi zimesimama kwenye kopo, godoro limekunjwa.

"Karibu, Mama. Kiti hakuna, nilishagawa."

"Unakwenda wapi?"

"Ku kambi, kwa dada yangu Aimée."

"Kwa sababu ya maneno ya soko?"

"Batu banasema nimeua mutu yao." Akatabasamu kidogo, tabasamu baya. "Bon. Si uongo."

Nilikuwa nimepanga kusema pole yangu kwa haraka na kuondoka na heshima yangu. Badala yake nikamwuliza kile ambacho soko zima linauliza. Kwa nini hamkumzika? Kurasa mbili tu! Shimo, watu, wimbo, mtu mmoja anasema maneno, basi.

"Nilichora, Mama. Mara sita. Biira aliona. Nachora shimo, nachora batu banasimama, mukono unakataa. Mi nachora kitu niliona. Ile sijaona."

"Mtu mzima hujaona mazishi?"

"Ya batu wengine, ndiyo. Ya kwetu, hapana."

Akakaa juu ya godoro. Mimi nikakaa juu ya mfuko wake, sikuwa na pengine.

"Papa yangu alikuwa na mguu mubaya. Siku bale batu ya bunduki walifika mu kijiji, kila mutu alikimbia na kile iko karibu. Mi nilimubeba papa. Toka asubuhi mpaka jua katikati. Njia yote anaomba rozari mu sikio yangu. Kisha akaacha kuomba. Akasema, 'Xavier, unishushe, unachoka.' Nikasema hapana. Tukaenda tena. Akasema, 'Mi ni papa yako, nakuamuru, unishushe.' Tulisikia bale batu nyuma yetu." Akashika godoro kwa mikono yote miwili. "Nilimushusha. Nikamufunika na majani. Nilisema nitarudia kumuchukua. Kuko myaka tatu, Mama. Barabara ile hakuna mutu anapita."

Kisha akasema, "Mu katuni, Mgongo hakubali kumushusha muzee. Njo maana anakufa. Nilitaka mutu mumoja asishushe."

Ee Mungu. Na mimi nilikuwa nimesimama sokoni nikipeperusha karatasi.

Nikakasirika upya, hasira ya aina nyingine kabisa, ya kuumiza meno. Niliwakasirikia wale waliokuja kijijini, ambao hawatasoma daftari hili. Nilimkasirikia hata marehemu kwa kutoa amri ile, kisha nikamwomba radhi hapo hapo, kwa sababu ningeitoa mimi pia. Na nilijikasirikia mimi. Hilo sijazoea.

Nikasimama nikachukua mfuko wake. "Huu unakwenda kwangu."

"Mama, hapana..."

"Nakuamuru kama m—" Nikaona uso wake, nikauma ulimi mpaka nikaonja damu. Nikaanza tena, taratibu. "Nakuomba, mwanangu. Nimekukosea mbele ya watu. Kaa mpaka nirekebishe mbele ya watu."

Akachukua kopo la brashi. Akasema, "Mpaka kesho."

Ijumaa, tarehe 31

Nimekula maneno yangu leo, na hayakuwa na chumvi.

Nilipanda juu ya gunia la unga, saa ya watu wengi. Nikasema, "Sikilizeni! Mwisho wa katuni ni wa Biira, si wa Xavier. Nilisema uongo."

Mvua ilikuwa juu ya mabati. Evas akaweka mkono kwenye sikio. "Rudia, mvua imekula!"

Nikarudia.

"Ile ya mwisho hatukusikia!"

"NILISEMA UONGO!" Sasa mpaka Kasindi wamesikia. Wahab alikuwa anapiga video, yule mtoto wa nyoka.

Kisha nikawaambia habari ya baba yake, kwa ufupi, kama Xavier alivyoniruhusu asubuhi: kwamba mzee alibaki njiani na hakuzikwa. Nilidhani wangesema pole na kuendelea kupimiwa samaki. Lakini Marie-Louise alikaa chini palepale kwenye matope, na kitenge chake kizuri. Evas akanigeukia na macho mekundu.

"Jina la huyo mzee?"

"Mbusa Christophe."

"Miaka mitatu!" akapiga meza, samaki wakaruka. "Miaka mitatu huyo mtoto anaandika majina yetu ukutani, jina langu mimi ameandika, EVAS SAMAKI BORA, na hatujui amefiwa? Sasa sisi ni kikundi cha kuzikana cha nini? Machela yetu iko inaoza kwa nini? Tunagombana juu ya mtu wa karatasi, na baba ya mtu iko porini!"

"Evas, wewe ulikuwa wa kwanza kugombana."

"Najua! Na tope ya kwanza kwa ile bango ni yangu! Usinikumbushe!"

Akatoa daftari la kikundi, akaandika jina la mzee kwenye ukurasa wa wafiwa wetu, akaniamuru nitie sahihi. Ndivyo kikundi kinavyofanya: jina likishaingia, halifutwi mpaka watu wameshika jembe. Katika miaka yote halijaingia jina la mtu ambaye hatuna mwili wake.

Jumapili, tarehe 2 Novemba

Mume wangu Eridadi ameteremka kutoka Mahango, kule kwenye kahawa yetu. Nilimpikia vizuri kwanza, kisha nikamwambia kuna mgeni nimempa chumba cha nyuma, na kuna mgeni mwingine anahitaji nafasi shambani hapa nyumbani, ya kudumu. Yeye si mtu wa maneno. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Anaitwa Mbusa?"

"Mbusa."

"Kwetu Mbusa ni jina la mtoto wa sita. Kwao Mbusa ni mtoto wa sita. Sasa unaniuliza nini?"

Akatoka, akaenda kunionyesha mahali, kando ya kaburi la mama yake. Akasema tutakata mgomba uwe badala ya mwili, tuufunge blanketi, kama wazee walivyofanya kwa mtu aliyepotelea mtoni.

Jumanne, tarehe 4

Xavier amekataa! Nimezunguka soko zima, nimejidhalilisha juu ya gunia, nimepata nafasi kwenye ardhi ya ukoo, na kijana anakataa.

"Papa iko kule, Mama. Nikimuzika hapa, ni kama nakubali sitarudia."

"Na usipomzika, utarudi lini?"

Nikasema maneno mengine ambayo sitayaandika. Biira akatoka chumbani. "Mama, sogea," akasema, akaketi kati yetu. Ndilo neno la kwanza tangu tarehe ishirini na nne. Sogea! Nikasogea. Ningesogea mpaka Kampala.

Jumamosi, tarehe 8

Mvua. Hakuna anayesema habari ile.

Jumatano, tarehe 12

Aimée ametuma sauti kutoka kambini. Xavier aliisikiliza peke yake, kisha akatupa simu tusikilize. Msichana anasema: "Kaka, unikubalie. Mi nachoka kulia mu hema sijui niangalie wapi. Unipatie fasi moja, pahali moja ya kuangalia."

Xavier akasema, "Bon."

Amekubali! Nilitaka kupiga vigelegele, Biira akanikanyaga mguu.

Ijumaa, tarehe 14

Hasira mbili leo.

Ya kwanza ni katekista. Mzee alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo mimi Mprotestanti nilikwenda kwa adabu zote kumwomba sala. Ananiambia kanisa halibatizi migomba. Nani alimwomba abatize? Nikamwambia aje aliombee jina, mgomba tutaubeba sisi. Tulivutana mpaka Marie-Louise, ambaye ni wa parokia yake, akamwuliza swali moja: "Wa kwetu wote wenye banabaki mu njia, Mungu anabajua kwa mwili ao kwa jina?" Atakuja.

Ya pili ni Wahab. "Sawa, Mama, mnazika binadamu, ni vizuri. Lakini Mgongo je? Mashabiki wanauliza." Nilitafuta kitu cha kumrushia. Xavier alikuwa karibu, amerudi kusafisha bango la saluni. Akasema bila kugeuka, "Nitaangalia vile munafanya. Nikiona yote mpaka mwisho, nitachora."

Wahab akarudisha simu mfukoni bila kupiga video. Mara ya kwanza maishani mwake.

Kisha nikamwuliza Biira, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama na yeye atachora. Akauliza kalamu zake ziko wapi. Ziko nilipozificha, ndani ya unga mkavu, zisipate unyevu. Alizipangusa moja moja. Wino wote mzima! Hakuna mama Bwera hii anayejua kutunza kalamu kama mimi.

Jumanne, tarehe 18

Evas na mimi tumegombana juu ya nani apike. Nimeshinda.

Jumatatu, tarehe 24

Mvua inapungua. Mto umeshuka. Eridadi amemaliza kuanika kahawa.

Jumapili, tarehe 30

Aimée amefika. Ni mwembamba, anafanana na kaka yake kwenye macho. Alipoingia uani alikwenda moja kwa moja shambani, hakuniamkia, na mimi sikukasirika. Alisimama mahali Eridadi alipoweka alama ya vijiti, akaangalia chini. Hakulia. Akauliza, "Ni siku gani?"

Nikamwambia, na nimewaambia wote, na asiseme mtu hakusikia. Hamukungu wanakuja kumi na wawili. Mwalimu Nobert anakuja na wanafunzi wake. Nimemwambia aache kalamu nyekundu nyumbani. Wale wa Kinyamaseke waliochoma vitabu nao wameomba kuja. Waje. Nitawatukana kwanza getini, kila mmoja kwa jina lake, nimeyaandika, kisha watapewa jembe, kisha watapewa chakula, kwa sababu unga ni wangu na hautapungua. Marie-Louise ataleta watu wa ng'ambo, wale ambao nao wana majina ya kutaja, na katekista amekubali yatajwe yote, hata kama giza litatukuta pale. Machela inatoka kwa Evas saa tatu. Shimo saa nne. Xavier atabeba mbele, upande wa kulia, amesema yeye mwenyewe, na Biira atakuwa nyuma yake.

Ni Jumamosi hii, tarehe 6 Desemba, hapa kwetu Bwera. Watu wote.